Kamba Niliyofundishia Kiingereza Nshamba

Yote nitakayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, au niliyasikia kutoka kinywani mwa aliyeyasema. Palipo na jambo nililosimuliwa tu, nitasema kwamba nilisimuliwa. Ninatanguliza hayo kwa sababu watu wa kwetu, kuanzia Muleba hadi Bukoba mjini, wamelisimulia jambo hili kwa namna nyingi, na baadhi ya wanaolisimulia kwa uhakika mkubwa walikuwa hawajazaliwa lilipotokea.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kati pale Nshamba, miaka ya kwanza ya Uhuru, wakati mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Kila mwaka nilipokea wanafunzi wapya kutoka shule za chini, na kila mwaka walikuja na kosa lile lile. Niliwaagiza waandike jinsi siku inavyoanza nyumbani kwao. Mmoja aliniletea sentensi ambayo, nikiirudisha kwa Kiswahili kama alivyoiandika, ingesomeka hivi: baba amka, enda kibanjani, kata mkungu, beba, leta nyumbani. Kibanja ni shamba letu la migomba. Aliyaona mambo yote kwa mpangilio sahihi, ila maneno yake yalikuwa yamesimama kila moja peke yake, kama watu wasiojuana waliokutana njiani.

Sikumlaumu. Katika Kihaya, kama ilivyo katika Kiswahili, kitenzi hutembea na mwenyewe. Ukisema "akaenda", aliyekwenda yumo ndani ya neno, na uzi unaolifunga neno hilo na lililotangulia umo humo humo. Mtu wa kwetu anaweza kusimulia safari nzima, akaondoka, akafika, akasalimu, akaketi, akala, asihitaji neno la pembeni la kumsaidia. Kitenzi cha Kiingereza hutoka nje mtupu. Mtendaji sharti asimame kando yake, ama kwa jina lake ama kwa kiwakilishi, na baina ya kitenzi na kitenzi sharti pawepo neno la kuviunganisha. Mtoto aliyezoea lugha inayobeba kila kitu tumboni huona maneno hayo madogo kuwa mzigo usio na maana, akayaacha.

Nilieleza hayo ubaoni kwa muda mrefu bila mafanikio. Ndipo siku moja nikawatoa wanafunzi uwanjani na vipande vya kamba ya mgomba. Wanafunzi watano niliwafanya vitenzi, kila mmoja akiwa na kipande cha kamba kiunoni. Baina yao niliweka wengine, hao wakawa maneno ya kuunganisha, kazi yao kushika ncha ya kamba ya huyu na ncha ya kamba ya yule. Kiwakilishi nilimvika ngata ya majani makavu ya mgomba, kama ile wanayovaa mama zao wakibeba mtungi, kwa kuwa yeye ndiye anayembeba mtendaji. Kisha nikaishika kamba ya mbele nikaivuta. Walioshikwa walikuja. Asiyeshikwa alibaki amesimama peke yake uwanjani, na wenzake wakamcheka.

"Umeachwa, kitenzi. Huna mtu."

"Muulizeni ni mtoto wa nani. Hata ngata hana."

Hawakukosea tena, au walikosea mara chache sana. Waliponiletea daftari zao baada ya hapo, niliona midomo yao ikicheza wakati wakisoma, na mkono mmoja ukishika kamba isiyokuwepo.

Nilikuwa na ndugu ambaye hakuzaliwa na mama yangu. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu, mimi Mkatoliki, yeye Mlutheri, na tulipomaliza tukafanya omukago, yaani udugu wa damu, nyumbani kwa baba yangu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana. Kila mmoja wetu alichanjwa kidogo karibu na kitovu, punje yake ikagusishwa damu yake, na mwenzake akaila kutoka kiganjani. Padre hakupenda habari hizo, na mchungaji wake hakuzipenda vilevile. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa zamani, naye ndiye aliyetutamkia masharti. Chake ni chako, alisema, na chako ni chake. Akifa, watoto wake ni wako. Akija mtu kumsema vibaya, mfukuze kabla hajamaliza.

Toka siku hiyo hatukuitana kwa majina. Tuliitana munywani, kama wanavyoitana waliokula kahawa hiyo. Yeye alipangiwa shule ya mjini akaishi Miembeni. Likizo zake zilipowahi zangu alikuja Nshamba, akaketi nyuma ya darasa langu akiangalia. Aliiona kamba. Aliuliza maswali mengi nami nikamjibu yote, kwa furaha, kwa sababu hapakuwa na mwalimu mwingine niliyeweza kuzungumza naye mambo hayo mpaka jioni bila yeye kupiga miayo.

Kisha walimu wa Kizungu wakaanza kurudi kwao, na tukatangaziwa kwamba chuo kimoja cha ualimu ng'ambo ya ziwa kinahitaji mkufunzi wa Kiingereza, naye atatoka katika mkoa wetu. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka, wala sioni sababu ya kulificha hilo. Pale Nshamba nilikuwa nikirekebisha darasa moja kila mwaka, ilhali kosa lilikuwa likizalishwa na walimu wa shule za chini, ambao nao walifundishwa hivyo hivyo. Nikiwa mkufunzi ningewafikia walimu wenyewe. Sikuwahi kutaka kitu kingine katika kazi yangu kama nilivyotaka hicho.

Mwalimu mkuu wetu, mtu mpole aliyehamia Nshamba mwaka wa nyuma yake, aliniita ofisini.

"Mwalimu, una habari za munywani wako?"

"Habari gani, waitu?" nilimwuliza, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Wanasema anafundisha kwa kamba huko mjini, na walimu wenzake wanaiita kamba yake."

"Uliiona?"

"Nimesikia."

"Kutoka kwa aliyeona?"

Alifikiri. "Kutoka kwa aliyesikia."

"Basi tuyaache," nilimwambia, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu wa kazi nikaongeza, "kwa heshima zote."

Hakuwa peke yake. Mke wangu alilileta neno hilo hilo kutoka sokoni, na mjomba wangu akalileta kutoka kwenye pombe ya rubisi, akiwa ameshakunywa kibuyu kizima. Wote niliwanyamazisha. Nilikuwa na sababu mbili, na kila moja peke yake ingetosha: sikuamini maneno ya kuokota, na kiapo changu kilinikataza kuyasikiliza. Nilijiona mtu imara. Wala sikuona ajabu yoyote katika kumwambia ndugu yangu, alipoandika kuuliza nitafundisha nini kwenye semina, kwamba nitafundisha kwa kamba.

Semina ilifanyika Bukoba mjini, katika ukumbi wenye madirisha yanayotazama ziwa. Walimu wa Kiingereza wa mkoa tulialikwa, na kila aliyeomba nafasi ile alitakiwa awafundishe wanafunzi walioletwa ukumbini somo moja, mbele ya wakaguzi. Nilipangwa mchana, baada ya munywani wangu, ambaye naye alikuwa ameiomba. Chini ya kiti changu nilikuwa na mfuko wenye vipande vya kamba na ngata mpya iliyosukwa na mke wangu.

Alisimama akiwa amevaa koti zuri. Akawaita wanafunzi mbele. Akafungua mfuko wake akatoa vipande vya kamba ya mgomba.

Nilidhani ataeleza mahali alipoitoa. Niliendelea kudhani hivyo mpaka mwisho. Aliwapanga watoto kama nilivyowapanga mimi, akawafunga kama nilivyowafunga, akamvika mmoja ngata. Sentensi yake ilikuwa ya baba aliyeamka, akaenda kibanjani, akakata mkungu. Hata baba huyo alikuwa wa kwangu. Alipovuta kamba na mtoto mmoja akabaki nyuma, ukumbi mzima ulicheka, na mkaguzi mkuu, mgeni katika mkoa wetu, mtu mrefu mwenye miwani, aliinuka kitini ili aone vizuri.

"Jambo hili umelipata wapi, Mwalimu?"

"Darasani kwangu, Mheshimiwa. Kwa kuhangaika na watoto."

Zamu yangu ilipofika niliuacha mfuko chini ya kiti. Nilichukua chaki nikafundisha ubaoni, somo sahihi lisilo na dosari, na watoto wakalala macho wazi.

Jioni nilikwenda Miembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani kwa uangalifu, na nilikusudia kuyasema nikiwa bado nimesimama. Lakini mke wake alinipokea mlangoni kwa adabu zote, akanipigia magoti, akaniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mgeni katika kila nyumba ya kwetu. Mkono wangu ukaenda. Nilikuwa nimeitia kinywani na kuanza kuitafuna kabla sijakumbuka nilichofuata. Nasi tulilelewa hivi: aliyetafuna kahawa katika nyumba ya mtu amekubali amani ya nyumba hiyo, na kesi yake itasubiri siku nyingine, mahali pengine. Mtu wa kabila jingine angetema akaendelea. Mimi nilimeza.

Ndugu yangu alikuwa ameketi akinitazama taya.

"Umekuja na sura ya mkaguzi, munywani. Keti."

Niliketi.

"Nilikuona ukumbini. Ulikaa kama mtu aliyefiwa."

"Kamba ile," nilisema.

"Maliza kwanza kahawa." Alisubiri. "Haya. Sasa tuongee kama ndugu. Kwa baba yako tulitamka nini?"

"Unajua tulichotamka."

"Nataka nikisikie kwako. Wewe ndiye mtu wa maneno kamili."

"Chake ni chako, na chako ni chake."

"Basi." Alifungua viganja vyote viwili. "Nimechukua cha nani?"

"Baba alikuwa anataja kibanja. Ng'ombe. Watoto wakibaki yatima."

"Na akili je? Akili tuliiweka kando? Sikumsikia mzee akiiweka kando." Akacheka kidogo, bila ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Nafasi ni moja, munywani. Mimi nikiingia, wewe umeingia. Si ndivyo ilivyo?"

"Kwa nini asiingie mwenye kamba, nawe ukawa umeingia?"

"Kwa sababu wewe huwawezi watu. Unawasahihisha wakisalimia. Utakaa pale chuoni wiki moja, wakufunzi wenzako wote watakuchukia, na kamba itakufa nawe. Mimi wananipenda. Nitaifikisha."

Mke wake aliingia kuuliza kama nitalala. Nilisema sitalala. Nilishukuru kwa kahawa, kwa maana hilo nalo ni sharti, nikaondoka. Nimetafuta jibu la maneno yake kwa miaka mingi. Kwamba si haki, hilo nilijua papo hapo. Lakini alikuwa amekishika kiapo chenyewe mkononi, kiapo nilichokitumia kuwafukuza wote walionionya, akakitumia kama mtu anavyotumia ufunguo aliopewa na mwenye nyumba.

Wiki chache baadaye mkaguzi mwenye miwani alifika Nshamba. Alikuwa akitembelea shule za waombaji wote kabla ya kuamua. Aliketi ofisini na mwalimu mkuu, nami nikaitwa.

"Mwenzako wa mjini ameniambia kwamba mliwahi kushirikiana," alisema. "Anasema hata hapa kwenu kamba yake inatumika. Ni kweli?"

Niliona mlango umefunguliwa, na nilijua hautafunguliwa tena. Nilimfikiria baba yangu. Nikajiambia kwamba kiapo kilinikataza kumsikiliza anayemsema vibaya ndugu yangu. Hakikunikataza kujibu swali nililoulizwa.

"Njia hiyo niliianza mimi, Mheshimiwa, katika shule hii. Yeye aliiona hapa."

Mkaguzi alimgeukia mwalimu mkuu. "Unathibitisha?"

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mkweli. Ningependa, mara hiyo moja, asingekuwa. "Mimi nilipohamia hapa niliikuta," alisema. "Naambiwa ni yake."

"Unaambiwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Naambiwa."

Nilimwona mkaguzi akilipima neno hilo na kuliweka kando, sawasawa na nilivyoliweka kando mimi katika ofisi ile ile. Hakuwa na ubaya nami. Alitaka ushahidi, na katika nafasi yake ningeutaka pia.

"Wanafunzi wataonyesha," nilisema.

Tulitoka uwanjani. Sikuwahi kuwaona wakifanya vizuri kama siku ile. Walijipanga bila kuelekezwa, wakafungana, wakabadilishana nafasi, wakatunga sentensi ndefu kuhusu mvuna kahawa aliyenyeshewa, na kamba haikukatika popote. Hapakuwa na mtoto aliyeachwa nyuma. Walipomaliza walimtazama mgeni, wakingoja.

Mkaguzi alinishika bega. "Nimeridhika sana," alisema. "Sasa nimeona kwa macho yangu. Kama amekufundisha wewe ukaweza kuwafundisha hawa kiasi hiki, basi huyo ndiye mtu tunayemtafuta."

"Mheshimiwa, si yeye aliyenifundisha."

"Mwalimu," alisema, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwingine asijiaibishe, "wivu baina ya marafiki ni jambo la kawaida. Kazi yako nzuri. Iachie hapo."

Akaingia garini. Mwalimu mkuu alibaki amesimama karibu nami, akigeuzageuza kofia yake, na mwishowe akaniomba radhi. Nilimwambia hakuna kosa alilotenda, amesema alichokijua. Ilikuwa kweli, na iliniuma kuitamka.

Munywani wangu alipata nafasi. Siku ya safari alimtuma mtu kwa baba yangu, kwa kuwa ni desturi ndugu wa omukago asindikizwe na mwenziwe. Nilisema sitakwenda. Baba yangu, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alisema kwamba kiapo hakikusema ndugu atakuwa mtu mwema. Kesho yake nilikuwa bandarini Bukoba, nimebeba sanduku lake, yeye akiwa mbele yangu na koti lake zuri, akipeana mikono na walimu waliokuja kumuaga.

Meli ya Mwanza ilikuwa ikipakia mikungu ya ndizi. Alinivuta pembeni, mbali na mke wake na wale walimu, na kwa mara ya kwanza tangu semina nilimwona ana wasiwasi.

"Kuna jambo moja sijalielewa," alisema. "Wanafunzi wakishapanga sentensi yenye 'who', wewe humwondoa yule mwenye ngata. Mimi nimekuwa nikimwondoa kwa sababu nilikuona ukimwondoa. Wakiniuliza sababu, nitawaambia nini?"

Nilimtazama. Alikuwa ametangazwa mkufunzi wa walimu, na hakujua sababu hiyo. Ningeweza kumwambia atafute mwenyewe. Ningeweza kumpa sababu ya uongo, akaisimamia mbele ya darasa lake la kwanza akiwa na lile koti. Mambo yote mawili yalinipitia moyoni, wala sijidai kwamba yalipita haraka.

Lakini niliwaona wale wanaoketi darasani kwake, walimu wa kesho, na nyuma yao watoto, na nyuma ya watoto zile daftari.

"Neno hilo hufanya kazi mbili," nilimwambia. "Linaunganisha, na papo hapo linasimama badala ya mtu. Mwanafunzi anayekuwa neno hilo unamvika ngata, ukampa na kamba zote mbili azishike. Ukimwacha yule kiwakilishi wa kwanza kwenye mstari, mtendaji amebebwa mara mbili. Ndiyo maana anatoka."

"Anavaa ngata, na anashika kamba."

"Kamba zote mbili."

"Wa kwanza anatoka kwa kuwa..."

"Kwa kuwa kazi yake imekwisha kuchukuliwa na mwingine."

Aliyarudia. Alikosea, nikamsahihisha, akayarudia tena mpaka akayashika. Kisha akachukua sanduku mkononi mwangu, akaniambia, "Asante, munywani," akapanda.

Katika miaka ya ujamaa, tulipokuwa tukiitana ndugu wote bila kula kahawa, na Kiingereza kikiwa kimebaki somo moja miongoni mwa masomo, tuliletewa mwalimu kijana kutoka chuo kile. Aliwatoa wanafunzi uwanjani na kamba. Niliketi kivulini nikamtazama kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta kosa. Alipofika kwenye 'who' alimwondoa mwenye ngata, akawaeleza watoto sababu, neno kwa neno kama nilivyoieleza bandarini.

Baadaye alinijia kwa heshima akaniuliza kama mzee ameipenda njia ya mkufunzi wao.

Nilimwambia kwamba imefundishwa sawasawa.